Tiketi Haibadilishwi

Watu wa sampuli ya Sindano na mama yake hawapandi meli za kitalii. Meli zile ni za watu waliochoka kukaa bure kwao, wakalipa ili wakakae bure juu ya maji. Sindano alikuwa fundi cherehani, bingwa wa sare za shule, na jina hilo alipewa na mafundi wenzake kwa sababu mbili: alikuwa mwembamba, na alikuwa anachoma. Ulimi wake ulishamkosesha wateja kadhaa na mume mmoja, na yeye hakumjutia hata mmoja wao.

Kwa hiyo alipotangaza kwamba anampeleka mama yake kwenye meli ya siku kumi, yenye bwawa la kuogelea na muziki kutwa kucha, mtaa mzima ulicheka. Acha wacheke. Yeye alikuwa na sababu, na sababu yenyewe iliitwa Kitinda.

Kitinda ni mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao. Aliondoka nyumbani miaka kumi na tisa iliyopita kwenda kufanya kazi ya kupasua samaki katika kiwanda kimoja, kwenye bandari ya nchi nyingine. Vibali vyake vilikuwa vya aina ile ya ukitoka hurudi. Kule alishapata mke, watoto wawili na kazi ya kudumu. Siku atakayokuja kumsalimia mama yake, vyote hivyo vitabaki upande wa pili wa mpaka. Mama naye hakuweza kumfuata. Alifanyiwa upasuaji wa mapafu akabaki na pafu moja na kipande, na daktari akamwambia kinagaubaga kwamba ndege asiisogelee, hata iliyochorwa ukutani. Kwa barabara ni siku sita na mipaka minne, na kifua kile kisingefika hata mpaka wa kwanza.

Basi mama na mwana wakawa wanaonana kwa masikio, kila Jumapili, kwa simu ya mama ya vibonyezo. Siku moja Sindano alijaribu kumwonyesha Kitinda kwenye simu yake kubwa. Picha ikaganda, Kitinda kaachama mdomo wazi na macho juu, na mama akapiga ukelele kwamba mwanawe anakata roho. Presha ilipanda, ikabidi apelekwe zahanati. Tangu siku hiyo picha zikapigwa marufuku nyumbani mwao.

Tangazo la meli aliliona Mama Zipu, fundi mwenzake wa kibanda kimoja, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuna aliyemzidi kwa kufunga zipu, isipokuwa ile ya mdomo wake mwenyewe. "Sindano we! Njoo usome. Si ndiko kwa kina Kitinda huku?" Ndiko hasa. Siku ya nne ya safari, meli ingefunga gati kwenye bandari ile ile, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Saa tisa. Mama alizihesabu kwa vidole, na alipofika kidole cha tisa alikishika kwa mkono mwingine asikiachie.

Sindano aliuza cherehani yake ya pili, akanunua chumba cha watu wawili, kile cha chini kabisa kisicho na dirisha. Alitia sahihi karatasi kumi na nane zenye herufi ndogo kama mayai ya chawa. Juu yake paliandikwa vigezo na masharti. Nani husoma? Wewe umewahi kusoma?

Miezi mitano mama alifunga na kufungua begi. Alimshonesha Sindano mashati mawili ya Kitinda kwa kipimo cha kukisia, halafu akayatilia shaka kila wiki. "Atakuwa amenenepa kama marehemu baba yenu. Toa kidogo ubavuni." Sindano akatoa. "Au kakonda kwa kazi. Rudisha." Sindano akarudisha. Mama mwenyewe akafuma sweta mbili za wajukuu asiowajua hata urefu. Kifua chake kilitulia miezi ile kuliko miaka yote, na kila aliyepita mlangoni alielezwa habari za siku ya nne.

Zikiwa zimebaki siku ishirini na mbili, ujumbe ukaingia kwenye simu ya Sindano. Ulianza hivi: *Mpendwa mgeni wetu, tunayo furaha kukujulisha.* Hapo ndipo alipopaswa kushtuka, maana kampuni haikufurahii bure. Furaha yenyewe ilikuwa kwamba siku ya nne meli haitasimama bandarini tena. Badala yake abiria watapata siku ya mapumziko baharini, michezo kwenye bwawa, na aiskrimu ya bure.

Sindano aliusoma mara tatu akiwa amekanyaga pedali ya cherehani. Sindano ya mashine ikapita juu ya kola ya mtoto wa watu hadi ikatoka upande wa pili.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa wakala wa safari kabla hapajafunguliwa. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu, chenye feni inayogeuza shingo na picha za watu wanaocheka wakiwa wamevaa kofia. Karani alikuwa binti mpole mwenye miwani, ambaye siku ya kuuza tiketi alimwita Sindano dada na siku hiyo pia alimwita dada.

"Mimi sina ugomvi na mtu," alianza Sindano, na kwa kawaida akianza hivyo watu hujitayarisha. "Aiskrimu yao wale wenyewe. Ipo meli nyingine inayosimama kule?"

Karani akabonyeza kompyuta yake. "Ipo, dada. Mwisho wa mwezi ujao. Inasimama kutwa nzima."

"Nihamishie hiyo."

Karani alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Zikibaki chini ya siku sitini, tiketi haibadilishwi. Ukibadilisha ni sawa na kuvunja safari, na ukivunja safari hurudishiwi kitu. Itabidi ununue upya."

"Lakini aliyebadilisha si mimi. Ni wao."

"Wao hawajabadilisha safari, dada. Safari ni kutoka hapa na kurudi hapa. Wamebadilisha kituo." Alichukua zile karatasi kumi na nane, akafunua hadi alipopataka, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma kosa la ndugu yake. "Kifungu cha kumi na saba. Kampuni inaweza, wakati wowote na kwa sababu yoyote, kuongeza, kupunguza au kuruka kituo, bila kuwajibika kwa abiria."

"Na kifungu changu mimi ni kipi?"

"Cha tisa."

"Kinasemaje?"

Karani akafunua kurudi nyuma kurasa chache. "Kinasema abiria hawezi."

Sindano alicheka, kile kicheko cha pua. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Hawa walikuwa wamemnyonga na haki wameinyonga pamoja naye. Aliuliza nani mkubwa wa huyu karani. Mkubwa alikuwa mji mwingine. Aliuliza nani mkubwa wa mkubwa, akaambiwa kuna anwani ya barua pepe. Aliuliza kama anwani hiyo ina mtu ndani yake, na karani, kwa kuwa hakuwa mwongo, alisema hajui.

"Kuna njia moja tu," karani akasema alipoona Sindano haondoki. "Ugonjwa. Abiria akiumwa, akaleta barua ya daktari, wanampeleka meli ya mbele bila kutoza chochote. Mama yako si ana kifua?"

"Anacho. Lakini sasa hivi ni mzima."

Karani akatazama feni. Sindano alielewa anachoambiwa, na mara hiyo hiyo akakasirika, maana alikuwa mtu wa maneno makali lakini si wa maneno ya uongo. "Siwezi kumwombea mama yangu ugonjwa ili nipate meli," akasema, akashuka ngazi.

Lakini mama hakuhitaji kuombewa. Alipoambiwa alijibu, "Sawa, mwanangu," akaendelea kukunja sweta. Usiku hakula. Kesho yake alisema chakula kina chumvi, kesho kutwa alisema hakina chumvi, na siku ya nne akaamka anavuta pumzi kama mtu anayepanda ngazi huku amelala. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Zahanati walimlaza siku mbili, wakamtundikia dripu, na daktari akaandika kwa mkono wake: *Maambukizi ya kifua. Asisafiri kwa muda wa wiki sita.*

Mungu amsamehe Sindano, maana aliposoma barua ile alifurahi. Alisimama kwenye korido ya zahanati, mama yake akikohoa nyuma ya pazia, naye anahesabu kwamba wiki sita zinaisha siku tatu kabla ya meli ya mwezi ujao. Alijiona mchawi. Hata hivyo alipeleka barua mbio, karani akaipiga picha, akaituma, na wote wawili wakashikana mikono juu ya meza kama watu waliofunga ndoa.

Siku mbili baadaye mama alikuwa nyumbani, kaegemea mito, na Sindano yuko kibandani anamalizia sare. Aliporudi mchana alimkuta mama amechangamka.

"Leo nimepigiwa simu na kijana mwenye adabu zake! Hata sikumjua. Kaniuliza hujambo mama, unaendeleaje, afya yako vipi. Watoto wa siku hizi hawaulizi hivyo."

Sindano aliweka mfuko chini. "Kijana gani?"

"Wa meli."

"Ukamjibu nini?"

Mama alishangaa swali lenyewe. "Nimjibu nini tena? Nimemwambia sijambo. Mzima wa afya."

Sindano alitafuta kiti, akakikosa, akakaa kitandani juu ya miguu ya mama yake. Sasa hapa wa kulaumiwa ni nani? Mtu akikuuliza hujambo, unasema sijambo. Unasema hivyo ukiwa na homa, ukiwa na msiba, ukiwa umevunjika mguu na mfupa unaonekana. Kwanza sijambo, na mengine yafuate kwa wanaokuhusu. Mama yake alizaliwa akiwakuta watu wanajibu hivyo.

"Nimwambie mgeni kwamba naumwa?" mama akasema, sasa akianza kuingiwa na wasiwasi. "Mtoto wa watu yuko kazini kwake, nimtwishe matatizo yangu? Nimekosea, mwanangu?"

"Hujakosea, mama," akasema Sindano.

Karani alimwekea ofisini sauti ya simu ile, maana kampuni ilikuwa imeirekodi, feni ikiwa imezimwa ili wasikie. *Hujambo, mama?* Sijambo, mwanangu, hujambo wewe? *Sijambo. Afya yako inaendeleaje?* Mimi mzima kabisa, tunamshukuru Mungu. Hapo kikaja kikohozi, kirefu, cha kuvunja mbavu, na baada yake sauti ya mama ikatoka nyembamba ikiuliza: na nyumbani kwako, watoto hawajambo? Kijana akasema hawajambo, akashukuru, akakata.

"Umesikia kikohozi?" Sindano akauliza.

"Nimesikia."

"Na wao wamesikia?"

"Wanajaza fomu, dada. Swali ni abiria anajisikiaje. Jibu ni mzima. Fomu haina sehemu ya kikohozi." Karani alikuwa na machozi. "Hata mimi ningejibu vilevile. Na huyo kijana, mama yake angejibu vilevile. Nimewaandikia. Nimewaandikia mara mbili."

Jibu lilikuwa limeshakuja, lina muhuri na nembo ya nanga: *Baada ya mazungumzo na abiria, imethibitika kuwa ni mzima. Ombi limekataliwa. Uamuzi huu ni wa mwisho.* Sindano aliomba nakala kwenye karatasi. Hakujua ya nini, ila mtu aliyenyimwa haki hupenda walau kushika karatasi.

Zikabaki siku nne. Sindano alikuwa ameshakata tamaa, kasogeza begi chini ya kitanda lisionekane, ndipo simu yake ikalia tena. *Mpendwa mgeni wetu, tunayo furaha kukujulisha.* Aliogopa kuendelea. Mama Zipu akamnyang'anya simu, akasoma, akarusha futi yake ya kupimia hewani. Kituo kimerudishwa! Meli itasimama bandarini siku ya nne kama ilivyopangwa, ila kwa saa tatu tu, saa mbili hadi saa tano.

"Wanaondoa, wanarudisha, kama watoto na kombolela," akasema Sindano, lakini alikuwa anacheka, safari hii kwa mdomo.

Kitinda aliambiwa kwa simu, na kelele zake zilisikika hadi kwa jirani. Aliomba ruhusa kazini. Mama alitoka kitandani siku ile ile, akaoga, akaamuru begi lirudishwe juu. Kikohozi kilikuwepo bado, lakini kidogo, cha kuita watoto. Kutoka saa tisa hadi saa tatu si haba, alisema. Mtoto alimzaa kwa muda mrefu kuliko huo lakini kumtazama hakuhitaji kutwa.

Siku ya safari Mama Zipu aliwasindikiza hadi kituo cha abiria. Palikuwa na ukumbi mkubwa wenye baridi ya mashine, foleni za kamba, na nyuma ya vioo meli yenyewe, ndefu kama mtaa uliosimamishwa juu ya maji. Mama alivaa gauni jipya la rangi ya maziwa. Tiketi zikapita. Pasi zikapita. Kwenye meza ya mwisho alikaa nesi wa kampuni, akamwekea mama kipimajoto. Hana homa. Nesi akatazama kompyuta, akatazama mama, akatazama kompyuta.

"Huyu abiria hawezi kupanda," akasema. "Kuna barua ya daktari humu. Asisafiri wiki sita. Zimepita mbili na nusu tu."

Sindano akafungua mkoba kwa haraka hadi vitu vikamwagika, akatoa ile karatasi yenye nanga. "Soma hapa. Wenyewe mmesema ni mzima. Imethibitika. Sauti yake mnayo!"

Nesi alisoma kwa makini, hakuwa mtu wa dharau. "Hii ni ya idara ya madai. Mimi niko idara ya afya."

"Si kampuni moja?"

"Kampuni ni moja."

"Basi mama yangu ni mzima au ni mgonjwa? Chagueni moja! Nikiomba kubadilisha ni mzima, nikitaka kupanda ni mgonjwa?"

Watu wa foleni walianza kugeuka. Msimamizi alikuja, kijana wa suti, akaeleza taratibu kwamba barua mpya ya daktari ingekubalika, ila ilitakiwa ifike saa arobaini na nane kabla ya safari. Zilibaki dakika thelathini na tano mlango ufungwe. Sindano alisema kila kitu. Alisema ya haki, akasema ya Mungu, akawataja mama zao kwa heshima na baadaye bila heshima, na mwisho, yeye ambaye hajawahi kumwomba mtu, alipiga magoti kwenye zulia lao la bluu. Msimamizi alimwinua kwa upole. Alikuwa mpole mno. Wote walikuwa wapole, na hakuna hata mmoja aliyeweza kitu. Akamgongea muhuri fomu ya kukataliwa kupanda, yenye nanga ile ile.

Mama alikuwa ameketi juu ya begi lake. "Nenda wewe," akasema.

"Siendi popote bila wewe."

"Utakwenda. Wewe hujakataliwa. Macho yako yakimwona, angalau jicho moja la nyumba hii litakuwa limemwona." Alianza kufungua begi, akahamishia mashati na sweta kwenye begi la Sindano. "Na usimpigie simu kumwambia. Wala wewe, Mama Zipu, usimpigie. Yuko na visu kutwa, mtu hapewi habari mbaya akiwa ameshika kisu. Atazijua akikuona. Ukifika utamweleza vizuri, uso kwa uso."

Mama Zipu alimfungia Sindano zipu ya begi. Alimshika mama mkono. Sindano alipanda ngazi ya meli bila kugeuka, kwa sababu angegeuka asingepanda.

Siku tatu alilala chini kule bila dirisha, kitanda cha pili kikiwa kimetandikwa na taulo juu yake limekunjwa umbo la bata. Kila jioni mhudumu alikuja kulikunja upya.

Siku ya nne meli ilifunga gati saa mbili kamili. Waliolala juu walishuka kwanza. Waliolala chini waliitwa saa tatu na nusu, wakapanga foleni ya pasi, na spika ikawakumbusha kwamba saa nne na nusu kila abiria awe ndani. Sindano alipotoka getini ilikuwa saa nne na robo.

Alimtambua mara moja, kwa kuwa alikuwa amesimama baba yao. Tumbo lile lile, upara ule ule. Mama alikuwa sahihi kuhusu ubavu wa shati. Kitinda alikuja na kiti cha magurudumu alichoazima mahali, akamwona dada yake, akaruka, akampungia, halafu akatazama nyuma yake. Akaendelea kutazama nyuma yake hata alipomkumbatia.

"Yuko wapi? Anatembea polepole? Waniruhusu nimfuate na kiti."

"Kitinda, ngoja nikueleze."

Uso wake ukabadilika. Akamwachia taratibu, akatazama macho ya dada yake yaliyovimba kwa siku tatu za kulia, akatazama begi moja.

"Amefariki lini?"

"Hajafariki! Nisikilize. Walimzuia kupanda."

"Nani alimzuia?"

"Kampuni. Walisema ni mgonjwa."

"Kwa hiyo alikuwa anaumwa."

"Aliumwa kidogo, akapata nafuu. Lakini wao wenyewe walishasema ni mzima, ndiyo maana walikataa kubadilisha tiketi, halafu siku ya kupanda wakasema..." Sindano alijisikia mwenyewe. Miaka ishirini kwenye cherehani alijua kiraka kibaya kinavyoonekana, na maneno yake yote yalikuwa kiraka. Hata yeye asingemwamini anayesema hivyo.

Kitinda alikaa kwenye kile kiti cha magurudumu. Hakupiga kelele. "Dada, mimi si mtoto. Baba alipofariki mliniambia amelazwa. Miezi mitatu mliniambia amelazwa. Nikatuma dawa. Nilituma dawa za mtu aliyekuwa ameshazikwa."

Ilikuwa kweli. Walimficha kwa sababu ya visu, na lilikuwa shauri la mama.

"Nipe simu yako," akasema Sindano. "Sasa hivi utaongea naye."

Namba ya mama haikupatikana. Akapiga tena, haikupatikana. Akampigia Mama Zipu, akaweka sauti ya nje, na Mama Zipu akapokea huku cherehani zikisikika. "Simu ya mama ninayo mimi hapa kibandani, naichaji, nyumbani umeme umekatika tangu jana. Mama hana neno. Nimemwacha amelala."

"Kimbia nyumbani ukamwamshe! Sasa hivi!"

"Sindano, ni mwendo wa saa nzima..."

"Mwache," akasema Kitinda, akachukua simu yake, akaikata. "Hata baba, kila nilipopiga, alikuwa amelala."

Spika ya bandari ikatangaza kwamba zimebaki dakika kumi. Sindano alipekua mkoba, akamtolea karatasi zote mbili na kumwekea mapajani. Tazama muhuri. Tazama tarehe. Hii inasema mzima, hii inasema mgonjwa, zote za kampuni moja, sijazitunga mimi. Kitinda alizisoma kuanzia juu hadi chini, moja baada ya nyingine, bila haraka, kidole kikifuata mistari kama alivyofundishwa shuleni. Kisha alizikunja pamoja, akamrudishia dada yake, na kumshika mkono kwa upole, kama mtu anayemsamehe.

"Niambie tu kitu kimoja," akasema. "Mmemzika karibu na baba?"